Mita 332 Tu

Penyal d'Ifac, jabali la chokaa lililochomoza baharini pale Calp, Hispania, lina mita 332 tu. Hiyo "tu" ndiyo inayowaponza watu. Anayelitazama kutoka ufukweni, aiskrimu mkononi, hujisemea: kwani huu nao ni mlima? Basi hupanda na kandambili.

Mpaka kwenye handaki lililochimbwa mwaka 1918, mambo ni mteremko. Humo ndani ndipo mwamba unapoanza kumuuliza alikotoka. Nyayo za zaidi ya karne moja zimeusugua hadi unang'aa kama sahani ya harusi. Pembeni pamewekwa cha kushikilia, lakini bwana mkubwa hana mkono wa ziada: mmoja una simu, mwingine unaweka nywele sawa. Bibi mmoja wa makamo, buti miguuni, anampita, anamsalimu kwa adabu, anatokomea juu.

Na idadi ya wapandaji kwa siku ina kikomo. Nafasi huombwa mapema. Maana yake kuna mtu mwenye viatu aliyebaki chini ili huyu aje kukwama.

Ukikwama, ndugu, piga 112. Waokoaji watakuja, tena wamevaa buti.