Adabu za Kumkagua Mwanasesere Usoni

Mwanasesere wa makusanyo, kwa maana itakayotumika katika insha hii, ni yule anayenunuliwa na mtu mzima kwa fedha zake mwenyewe, akawekwa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na akaogopwa kidogo na wageni. Hutofautiana na mwanasesere wa kuchezea, ambaye ubora wake hupimwa kwa idadi ya maanguko anayoyastahimili kabla ya kupoteza mguu, kwa kuwa yeye hathaminiwi kwa uimara bali kwa sura: nguo zake zaweza kubadilishwa, nywele zake zaweza kushonwa upya na viungo vyake vyaweza kukazwa, lakini uso ndio unaobeba sehemu kubwa ya bei. Kwa bahati mbaya uso ni kitu chenye mbele, ubavu, juu na chini, na majuto mengi ya ununuzi huanzia pale mnunuzi anapouona upande mmoja, akaulipia upande huo kwa moyo mkunjufu, kisha akafika nyumbani na kukabidhiwa pande nyingine tatu ambazo hakuziagiza.

Kila fundi anayefinyanga uso wa mwanasesere huwa na mahali anapomdhania mtazamaji yupo, mahali panapoweza kuitwa kituo cha macho, yaani ile sehemu ambayo kutoka hapo pua hupatana na kidevu, mdomo hutabasamu kwa kadiri iliyokusudiwa, na macho ya sanamu hukutana na ya mwenye kuitazama. Anayetoka kituoni hata kwa hatua moja hukuta tabasamu limegeuka kejeli, na akizidisha hatua ya pili hukuta shavu ambalo fundi hakutarajia lijadiliwe hadharani. Mnunuzi halaumiwi kwa kukosa jicho la sanaa, maana jicho hilo huuzwa pamoja na vitabu vya wakusanyaji. Analaumika kwa kudhani kwamba kituo cha macho cha fundi, cha muuzaji na cha rafu ya sebuleni kwake ni kimoja.

Historia ya ufundi huu huonyesha jinsi kituo hicho kilivyohamahama. Katika jimbo la Thuringia nchini Ujerumani, ambako vichwa vingi vya wanasesere vilitengenezwa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, malighafi iliyopendwa ilikuwa kauri isiyong'arishwa, yaani kauri iliyochomwa tanuruni bila kupakwa ule utando wa kioo unaong'arisha vikombe vya chai, hivyo ikabaki na ngozi kavu iliyopokea rangi za mashavu vizuri. Mwaka 1909 kampuni ya Kämmer & Reinhardt ya mji wa Waltershausen ilianza kutoa wanasesere wenye sura za watoto halisi badala ya sura za malaika, na kalibu yake namba 100, ambayo wakusanyaji wameizoea kwa jina la Mtoto wa Kaisari, ilikuwa ya mtoto mchanga mwenye mikunjo usoni na mdomo wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mtoto mchanga hupakatwa, na anayepakatwa hutazamwa kutoka juu. Akiwa mikononi, huyu huonekana mwenye usingizi na kustahili huruma, lakini akiketishwa kwenye kabati, usawa wa macho ya mtu mzima, huwa hakimu mstaafu anayesikiliza rufaa isiyo na msingi.

Wanasesere wengi wa Kijerumani wa zama hizo walitiwa pia macho ya kulala, yaani macho ya kioo yaliyounganishwa kwa waya na kipande cha risasi ndani ya kichwa, ili uzito huo uyafumbe mwanasesere anapolazwa na kuyafumbua anapoinuliwa. Ufundi huo una akili nyingi mradi mwanasesere awe amelala kabisa au ameketi wima kabisa. Aliyeegemezwa mto kwa namna ya wageni wa heshima huishia na kope zilizoshuka nusu, na sura ya mtu anayesikiliza maelezo ya mdeni wake bila kuamini hata neno moja.

Barbie, aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya vichezeo mjini New York tarehe 9 Machi 1959, alilitatua tatizo la kituo cha macho kwa kulikwepa. Macho yake yalichorwa yakitazama kando, na katika matoleo ya mwanzo kabisa lile duara linaloizunguka mboni liliachwa jeupe, kwa hiyo aliyesimama mbele yake alipuuzwa moja kwa moja, na aliyejisogeza upande ili akutane na macho hayo alikuta pua imeshaliziba mojawapo. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1971, ambapo Barbie wa Malibu alipewa macho yanayotazama mbele. Ni miaka 12 ya kudharauliwa, na bado wako wakusanyaji wanaoyalipia matoleo ya awali fedha nyingi kwa sababu hiyo hiyo ya kutotazamwa.

Kisa cha Blythe kinafundisha zaidi. Mwanasesere huyu mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba alitolewa na kampuni ya Kenner ya Marekani mwaka 1972, akiwa na kamba nyuma ya kichwa ambayo ikivutwa hubadilisha macho yake kwa rangi nne kwa zamu, baadhi yakitazama mbele na baadhi yakitazama kando, na hakudumu sokoni zaidi ya mwaka mmoja. Miaka mingi baadaye mpiga picha Gina Garan alimpiga picha katika mazingira ya kila namna na kuzichapisha katika kitabu mwaka 2000, na mwaka uliofuata kampuni ya Takara ya Japani ikaanza kumtengeneza upya kwa wateja waliokuwa watu wazima. Kichwa kilibaki kikubwa kama kilivyokuwa na kamba ilibaki nyuma ya kichwa. Kilichobadilika ni kwamba mpiga picha alikuwa amemtafutia kituo chake cha macho, akasimama hapo, na ulimwengu ukamfuata kusimama nyuma yake.

Hata hivyo mpiga picha ni rafiki wa kuangaliwa, hasa akiwa ndiye muuzaji. Kamera iliyosogezwa karibu sana na uso hukuza kilicho mbele na kupunguza kilicho nyuma, kwa sababu ncha ya pua inakuwa karibu mno na lenzi ikilinganishwa na masikio. Ndiyo sababu wapiga picha za nyuso hupenda kusimama mbali kidogo na kutumia lenzi inayovuta. Uso wa mwanasesere, ambao mara nyingi ni mdogo kuliko kiganja, humlazimisha mwenye simu asogee karibu sana, na picha inayopatikana huwa ya mwanasesere mwenye pua ya kutosha watu wawili. Muuzaji mjuzi hulitumia jambo hilo kwa faida yake: akitaka macho yaonekane makubwa huinua simu juu na kumwinamisha mwanasesere kidogo, na akitaka kuficha kwamba jicho la kushoto limekaa chini ya la kulia humgeuza robo tatu, yaani ule mkao wa katikati ya mbele na ubavu, ambao humsamehe kila mtu.

Sanaa ya Kijapani ya tamthilia ya Noh iliuelewa mchezo huu karne nyingi kabla ya simu. Kinyago cha mbao cha mwanamke kijana hakina kiungo hata kimoja kinachosogea, lakini mwigizaji akikiinua kidogo, tendo linaloitwa *terasu*, uso hupata nuru na kuonekana umefurahi, na akikiinamisha, tendo linaloitwa *kumorasu*, kivuli hushuka na uso ukaingia huzuni. Kinachofanya kazi hapo ni mwanga unaotoka juu na michongo iliyopimwa kwa uangalifu. Mnunuzi anapaswa kukumbuka kwamba mwanasesere wake ni kinyago cha Noh kisicho na mwigizaji, na kwamba msumari uliopigwa ukutani kwa haraka siku ya Jumamosi ndio utakaoamua kama sebule itakuwa na furaha au msiba.

Kwa wanasesere wa viungo vya mpira, yaani wale wa resini ambao viungo vyao ni vitufe vilivyounganishwa kwa uzi wa mpira uliovutwa ndani ya mwili, uchaguzi wa pembe huongezewa mtihani mwingine. Tangu kampuni ya Volks ya Japani ilipotoa Super Dollfie mwaka 1999, mkusanyaji amepewa uhuru wa kubandua kisogo cha mwanasesere, kutoa macho na kuweka mengine, ambayo hushikiliwa kwa udongo laini wa kunata. Uhuru huo una gharama zake. Mwenye kazi huketi mezani akiwa na kichwa mkononi, akabandika jicho la kulia, akageuza kichwa na kuridhika, akabandika la kushoto, akageuza tena na kugundua kwamba mwanasesere sasa anautazama mlango na dirisha kwa wakati mmoja. Akalisukuma la kushoto kwa ncha ya kijiti, la kulia likazama. Akaanza upya, na wakati huo huo mtu wa nyumbani akapita na kuuliza kama kuna ulazima wa kuacha fuvu juu ya meza ya kulia chakula. Tofauti ya milimita moja, ambayo haionekani mbele, hufichuka kabisa ukitazama kutoka chini.

Kutokana na hayo, ukaguzi wa dukani unapaswa kufuata utaratibu, ijapokuwa utaratibu wenyewe haumpi mnunuzi heshima. Kwanza, uso utazamwe kutoka mbele kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kwa sababu hilo ndilo pendekezo la fundi na si adabu kuanza na pingamizi. Pili, utazamwe ubavu kwa ubavu, kulia na kushoto, na taya zilinganishwe. Tatu, utazamwe kwenye kioo, mbinu inayotumiwa na wachoraji kugundua upogo, kwani jicho lililokwisha kuizoea sura huusamehe upogo wake mpaka sura hiyo igeuzwe kinyume. Nne, kwa kichwa cha kauri, tochi ndogo iingizwe ndani kwa idhini ya muuzaji, maana ufa mwembamba usioonekana nje hujitokeza kama mstari mweusi mwanga ukipita nyuma yake. Tano, mnunuzi ajishushe mpaka macho yake yawe chini ya kidevu cha mwanasesere, ayaone matundu ya pua jinsi yalivyo, kisha asimame wima na kumtazama kutoka juu.

Hatua hiyo ya tano ndiyo iletayo matatizo ya kijamii. Mtu mzima aliyepiga magoti mbele ya kabati la vioo, shingo imepinda na jicho moja limefumbwa, huulizwa na muuzaji kama amepoteza kitu, na jibu la kweli, kwamba anakagua matundu ya pua, halijawahi kumsaidia mtu yeyote. Walio na uzoefu husingizia kamba ya kiatu. Wasio na uzoefu huona haya, husimama haraka, hulipa, na kwa njia hiyo haya ya nusu dakika huwagharimu miaka ya kuishi na pua ambayo wangeweza kuikataa.

Kikwazo kingine kimo moyoni mwa mnunuzi mwenyewe, na wahenga walikieleza waliposema kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Mtu aliyekwisha kumpenda mwanasesere tangu kwenye picha hafanyi ukaguzi, bali hutafuta ushahidi wa kumtetea: kidevu kilichochongoka huitwa msimamo, nyusi zisizolingana huitwa udadisi, na mdomo uliopakwa rangi nje ya mpaka wake huitwa mkono wa fundi. Inashauriwa kwa hiyo kwenda dukani pamoja na mtu asiyependa wanasesere hata kidogo, akae nyuma, na aulizwe swali moja tu: kama angekubali kulala chumba kimoja na huyu.

Swali hilo lina msingi wa kitaaluma. Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza kwamba kadiri kitu kinavyokaribia kufanana na binadamu ndivyo kinavyopendwa zaidi, mpaka kifike pale kinapofanana sana lakini si kabisa, ambapo mapenzi huporomoka ghafla na kuwa kinyaa na hofu. Poromoko hilo ndilo aliloliita bonde. Kinachosahauliwa na wanunuzi ni kwamba mwanasesere mmoja aweza kuwa mlimani akitazamwa mbele na bondeni akitazamwa kutoka chini, na kwamba mtu aliyeamka usiku wa manane kufuata maji humkuta kwa pembe ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kuipiga picha. Mgeni wa mchana naye, aliyeketishwa kwenye kiti kifupi chini ya rafu ndefu, hunywa chai yake akitazamwa kwa matundu ya pua, na baada ya kuvumilia kwa muda humgeukia mwenyeji na kuuliza, "Kwani huyu ananidai?"

Hitimisho linalojitokeza ni kwamba mnunuzi huanza kazi yake mahali pasipostahili. Angepaswa kuanzia nyumbani, akiwa na futi kamba, apime urefu wa rafu, urefu wa viti na upande ambao taa inatokea, ndipo aende dukani kutafuta uso unaopendeza kutoka huko chini ambako yeye na wageni wake wataketi, hata kama uso huo si mzuri kupita yote ukitazamwa mbele. Na kwa aliyekwisha kununua, akafika nyumbani na kukuta ameletewa hakimu mstaafu, dawa si kumrudisha dukani wala kumtafutia fundi wa kumpaka rangi upya. Uso uliokwisha kutoka tanuruni haubadiliki, lakini rafu huteremshwa kwa bisibisi na skrubu nne, na ni nafuu mno kumshusha mwanasesere kuliko kuwanunulia wageni wote viti virefu.