Ngoja Kwanza Nifikirie

Jamani, hapa Kilwa Masoko siku hizi kila mtu ana kiwanja. Muuza chapati anacho. Kinyozi anavyo viwili, na akikunyoa anakuwa ameshavitaja vyote kabla hajafika kisogoni. Kijana wa bodaboda ambaye juzijuzi tu alikuwa ananikopa hela ya maandazi, leo ananiambia, "Mzee, sisi wamiliki tuna changamoto zetu." Sisi wamiliki! Mimi naitikia tu, nameza mate, nalipa nauli. Na nauli yenyewe kapandisha. Eti anamalizia msingi.

Balaa lote hili limeletwa na bandari. Septemba 2023 Rais Samia alikuja kuweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Nilikuwepo. Wenzangu siku ile walikuwa wanapiga hesabu kichwani: meli zitakuja, wavuvi watakuja, wa barafu watakuja, mafundi watakuja, sasa wote hao watalala wapi? Chumba na sebule, choo cha ndani, kodi ya miezi sita mkononi. Mimi nilikuwa natafuta kivuli.

Nyumbani mke wangu akalianzisha. "Baba watoto, hela ya ufuta ipo. Tununue kiwanja, tusimamishe vyumba viwili vitatu, tupangishe." Nikampa jibu langu la siku zote: ngoja kwanza nifikirie.

Sasa ukinisikia nasema nafikiria, ujue sifikirii kitu. Naogopa. Naogopa kupigwa. Naogopa dalali, naogopa karatasi, naogopa mhuri, naogopa hata kuuliza bei wasije wakadhani nina hela. Nikasema ngoja masika yapite, tuone maji yanaelekea wapi. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, magari yakalala njiani. Nikatamba sebuleni: "Unaona? Ningekuwa nimenunua?" Mke wangu akauliza kiwanja cha Masoko na barabara ya Somanga vimeingilianaje. Nikakohoa. Ngoja ufuta mwingine. Ngoja Ramadhani ipite. Ngoja shule zifunguliwe, kuna ada. Ngoja uchaguzi. Kiwanja nilichokuwa nakimezea mate, cha milioni moja na nusu, kikawa milioni tatu. Hakijaongezwa hata ndoo ya mchanga. Kilichoongezeka ni majani.

Wa kunitia woga zaidi ni shemeji yangu wa Lindi mjini. Yeye alinunua mapema, upande wa Likong'o, kwa sababu ya gesi. Si unajua ule mradi wa kuchakata gesi asilia, ule wa mabilioni ya dola? Aliusikia redioni asubuhi, jioni akawa na kiwanja. Tangu hapo maisha yake yote yana sharti moja: gesi ikija. Bati atabadilisha gesi ikija. Suruali atanunua gesi ikija. Deni langu pia, gesi ikija. Kila nikimwona, hela yangu ya ufuta inajificha yenyewe.

Mwisho nikajikaza, nikamwita dalali. Kwanza akataka elfu ishirini ya kuonyeshwa. Nikauliza ya nini, akasema ya usumbufu. Usumbufu wa nani? Nikatoa. Akaniita bosi, na mtu akiniita bosi mimi akili inahama.

Akanipeleka ufukweni. Saa nne asubuhi, bamvua, maji yamekupwa mpaka kule. Eneo safi, jeupe, tambarare. "Bosi, hapa unaweka vyumba sita, watalii wa Kilwa Kisiwani wanashukia kwako." Nikavua viatu, nikatembea kwenye kiwanja changu nikiwa nimefunga mikono nyuma kama mkuu wa wilaya. Akanionyesha bikoni. Nikainama niisome, nijifanye naelewa. Bikoni ina chaza. Si mmoja, wamejibandika kuanzia chini hadi karibu na juu, wamekaa kifamilia, na kaa mdogo katoka ufani akaniangalia. Nikamwambia dalali, "Nguzo hizi za zamani zina urembo." Akasema, "Sana, bosi."

Pembeni palikuwa na kina mama wanaokota kombe na ndoo zao. Mmoja akaniuliza, "Baba, unatafuta pweza?" Nikasema, "Hapana mama, naangalia kiwanja." Akaweka ndoo chini. Akawaita wenzake. Akarudia maneno yangu kwa sauti, na wote wakakaa chini kwa kicheko. "Basi rudi saa kumi, baba, uje na ngalawa, uoneshwe na chumba cha kulala!"

Baadaye ndiyo mwalimu mmoja hapa kijiweni akaniambia kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ndani ya mita 60 kutoka baharini hairuhusiwi kufanya shughuli za kudumu za kibinadamu. Na hizo mita 60 zinahesabiwa kwenda nchi kavu. Mimi nilikuwa upande wa pili, na samaki. Nikampigia dalali. Akajibu, "Hiyo sheria ya wageni, bosi." Elfu ishirini haikurudi.

Cha pili kilikuwa cha bara, eneo la kijijini, kwa babu mmoja mstaarabu sana. Kahawa alinipa, tende alinipa. Bei nayo ya kistaarabu. Nikataka kulipa palepale ili nisipate muda wa kuogopa. Mke wangu, ambaye safari hii alikataa kubaki nyumbani, akauliza swali dogo tu: "Babu, shikamoo tena. Na hii minazi ni yenu?"

Babu akacheka. Minazi mitatu ni ya dada yake. Mkorosho ni wa mpwa, yuko Temeke, huja msimu wa korosho. Si unajua Pwani yetu, ardhi ya huyu, mti wa yule, na wote wana haki. Na shamba lenyewe? La marehemu baba yao, mirathi bado kidogo. Na lile tuta kule kwenye kichaka? "Aa, lile kaburi la bibi yetu. Huyo hana neno." Serikali ya kijiji inajua kama unauza? "Nitawaambia." Na mkeo? Hapo babu akashusha sauti, akatazama jikoni. Mkewe ndiye aliyekuwa anatukaangia kahawa ile, na alikuwa hajui anatukaribishia nini.

Mimi hayo yote nisingeuliza. Ningeona aibu. Mtu kakupa tende, utamuulizaje habari za kaburi?

Na aibu zaidi ni kwamba sisi watu wa Kilwa tungetakiwa kuwa maprofesa wa viwanja. Kisiwani pale, ambapo UNESCO walipaorodhesha kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, si palianza na mauzo? Imo kwenye kitabu cha kale cha historia ya Kilwa. Ali bin al-Hassan, Mshirazi, alikikuta kisiwa kina mwenyewe. Wakapatana: leta nguo za kuzunguka kisiwa chote, kisiwa chako. Nguo zikatandazwa, mwenyewe akazichukua, akavuka bara. Zama zile maji yakipwa ulikuwa unavuka kwa miguu. Kumbe muuzaji ana mpango wake: arudi na jeshi, amuue mnunuzi, abaki na nguo na kisiwa. Unaona? Kuuziwa kisha kunyang'anywa hakukuanza na madalali wa leo.

Lakini Mshirazi alikuwa ameshadokezwa. Akachimba ule mkondo, maji yakajaa yakabaki. Muuzaji kaja na watu wake, kakaa ufukweni anasubiri maji yapwe kama kawaida. Hayakupwa. Akarudi kwao na majuto yake. Wanahistoria wanabishana kipi ni tukio na kipi ni ngano, na waendelee. Mimi nilichokiona ni kwamba yule bwana hakukaa kijiweni miaka miwili anafikiria. Wala hakulipa akaenda kulala. Alilipa, kisha akahakikisha muuzaji hana njia ya kurudi. Siku hizi hatuchimbi mkondo. Tunakwenda ofisi ya ardhi.

Nikaenda. Nilikuwa nimevaa shati la harusi. Ofisa akauliza, "Kitalu gani, namba ngapi?" Nikasema, "Kile cha karibu na mwembe." Akanitazama. Akauliza mwembe upi. Nikamweleza, maana nilikuwa namaanisha kile cha milioni tatu, kile nilichokililia tangu bandari. Akafungua mchoro wa mipango miji, akaweka kidole. Mwembe upo kwenye hifadhi ya barabara. Kiwanja kipo kwenye hifadhi ya barabara. Dalali pengine naye.

Ndugu yangu, nilirudi nyumbani nimepanua kifua. Nikamwambia mke wangu, "Umeona faida ya kufikiria?" Nilitegemea sifa, hata chai ya maziwa. Akasema, "Ungeuliza siku ile, ungejua siku ile. Na hela ingenunua cha jirani yake kilichopimwa, kikiwa bado bei ya zamani." Chai ikaja ya rangi.

Basi tukarudi wote wawili, yeye mbele. Ofisa akatueleza taratibu. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Ndivyo zinavyosema sheria za ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na ile Namba 5 ya vijiji. Wewe unapewa haki ya kumiliki kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Nikashtuka. "Kwa hiyo hii ya 33 ikiisha mnanihamisha?" Ofisa akauliza kwa upole, "Mzee, kwani sasa una umri gani?" Nikanyamaza. Mke wangu akanijibia.

Akaendelea. Ufanyike upekuzi kwa Msajili wa Hati, ijulikane mwenye jina ni nani na kama hati haikuwekwa rehani benki. Mwenza wa muuzaji aridhie kwa saini. Ushuru wa stempu asilimia 1. Kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Masharti ya kuendeleza ndani ya miezi 36, si kununua ukafuga nyasi. Ukishajenga, kodi ya jengo itakatwa humohumo kwenye LUKU, na wapangaji wakianza kulipa, asilimia 10 ya pango ni ya TRA. Nilikuwa natoka jasho. Lakini sijui ikawaje, kila alivyozidi kutaja, tumbo likazidi kutulia. Kwa muda wote ule nilikuwa naogopa kitu kisicho na jina. Kumbe kina majina, kina asilimia, na risiti.

Tukanunua. Ishirini kwa ishirini, kimepimwa, mbali na bahari kiasi kwamba hata harufu ya ng'onda haifiki. Mke wa muuzaji alikuwepo, akasaini. Hela ikapita benki. Zamu yangu ya kusaini ikafika, mkono ukacheza. Saini ya kwanza haikufanana na ya kitambulisho. Ya pili haikufanana na ya kwanza. Mwanasheria akaniambia nipumue. Mwisho nikaandika jina kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la pili, wakakubali.

Sasa hivi kiwanja kina tumbili na matofali ambayo hayafiki hata msingi. Binti yangu wa kidato cha kwanza kanihesabia kuwa ni mita za mraba 400; mimi kijiweni nilikuwa natangaza 40. Kinyozi kanicheka: "Kule porini?" Lakini juzi akiwa kisogoni akashusha sauti, akaniuliza upekuzi unafanywaje. Viwanja vyake vyote viwili ushahidi wake ni karatasi ya daftari na saini ya dalali.

Kwa hiyo wewe unayesoma huku umekalia hela ya ufuta, ruksa kuogopa. Ila ogopa ukiwa njiani kwenda ofisi ya ardhi. Nenda na mwenza wako, maana yeye haoni aibu kuuliza. Kiwanja cha pwani kakitazame maji yakiwa yamejaa, na cha bara uliza kila mti ni wa nani. Kama majibu ni mabaya, ondoka. Kama ni mazuri, lipa na udai risiti. Bei haitakungoja kwa sababu eti unafikiria.