Namna ya Kuokoa Chakula cha Asili cha Njombe Bila Kuota Sugu

Kila Desemba mabasi hushusha Makambako watu waliokuja kuokoa mapishi ya mababu. Hapo njia panda, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Tunduma, hutafuta gari la Njombe, mwendo wa kilomita kama 60, huku wakisimulia walivyochoka na chipsi za mjini. Ikiwa mwaka huu nawe umeguswa, fuata hatua hizi. Hazijamshinda mtu bado, kwa kuwa kazi yote anaifanya bibi.

1. Beba zawadi inayofaa. Mwokozi wa chakula cha asili haendi kijijini mikono mitupu. Nunua mchele, mkate na tambi. Bibi atakupokea kwa "Kamwene, mjukuu wangu," kisha tambi ataziweka juu ya kabati, zikaungane na za mwaka jana.

2. Tangaza kwamba unataka "kile chetu cha zamani". Usiulize kilitoka wapi, utaharibu sherehe. Kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes, kule Peru na kwa jirani zake. Simbilisi anayekatiza miguuni mwako jikoni ni mhamiaji wa milima hiyohiyo. Mahindi, maharage na maboga nayo yalivuka bahari kutoka Amerika. Hata kuni za miwati zinazokutoa machozi ni za mti wa Australia, uliopandwa mashamba kwa mashamba na Kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa 1949. Lakini wageni hawa wamekaa, wamezaa, wamezoea sakitu ya Julai. Hakuna Mbena atakayewadai vibali.

3. Omba ugali wa ulezi. Huyu ndiye mwenyeji hasa: nyanda za juu za Afrika Mashariki zilimlima tangu kale, mahindi hayajasikika. Leo ameshushwa cheo, amebaki kwenye uji wa watoto na kimea cha komoni. Ugali wake una rangi ya udongo wa shamba, hunata vidoleni na hukaa tumboni mpaka kesho. Tatizo ni kwamba ulezi hupurwa chini, kwa hiyo lazima upetwe na kuoshwa mpaka mchanga uishe, la sivyo meno yatalia. Kazi hiyo mwachie bibi na ungo wake. Wewe shika simu, tafuta mwanga mzuri.

4. Simamia kande. Kusimamia maana yake ni kukaa kwenye kigoda. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji, yakatwangwa kinuni mpaka yaachane na maganda, yakapetwa, ndipo yakutane na maharage chunguni kwa saa kadhaa. Bibi akikupa mchi, twanga mara saba. Kwa video zinatosha. Usiulize chumvi hutiwa lini wala moto hupunguzwa saa ngapi. Maswali hayo yatakufanya ujue kupika, nawe ulikuja kuhifadhi.

5. Sifia kwa kiasi. Ukibahatika kukaa mpaka mvua zikolee, utaletewa ulanzi. Chipukizi la mwanzi hukatwa kilele, na mgema hulirudia asubuhi na jioni kulichonga upya ili utomvu usikauke. Wa leo ni mtamu, hauna ugomvi na mtu. Wa juzi hukulaza mlangoni. Wahenga walishaonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bibi naye, ukimsifia kupita kiasi, atakutazama kupitia moshi na kukuuliza swali ambalo hukujiandaa nalo: "Basi mbona kwako hupiki?"

6. Rudi mjini ukiwa shujaa. Gari likisimama Makambako njaa itakuwa imekukamata, na kande ulizofungiwa ziko chini kwenye buti. Agiza chipsi mayai. Usione haya: huenda viazi hivyo vilichimbwa shambani kwa bibi na kuuzwa kwa lumbesa, gunia likiwa na kichuguu juu ambacho hakuna aliyekilipia. Muuza chipsi akisikia kwamba umetoka kuokoa chakula cha asili, atakuongezea kachumbari.

7. Hifadhi ulichookoa. Unga wa ulezi aliokufungia bibi kwenye kitambaa uweke juu ya kabati, mahali pakavu, mbali na sufuria. Bibi ana tambi zake, nawe una ulezi wako. Desemba mtakutana tena, kila mmoja akitamani kumuuliza mwenzake kama alishapika.