Una Kosa, Lakini Hatusemi Wapi

Siku hizi kila mtu na kila mashine inajua kwamba umekosea. Wanaojua umekosea wapi ndio adimu. Unaingiza tokeni ya umeme gizani, tarakimu 20, simu yenye tochi umeibana kwa meno, mita inakataa. Tarakimu ipi? Kimya. Unapeleka fomu dirishani, dada anaitupia jicho: “Mzee, hii ina kosa.” Kosa gani, mwanangu? “Kaangalie mwenyewe. Anayefuata!”

Ugonjwa huu nimeutafutia asili, nikaukuta Ufaransa. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alitoa orodha ya namba alizodai ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mojawapo unaipata ukizidisha mbili 67 kwa pamoja, kisha ukatoa 1: 147,573,952,589,676,412,927. Tokeni yangu ina nafuu ya tarakimu moja! Dai lake likadumu zaidi ya miaka 200, mpaka mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa pia, alipotangaza kwamba namba ile si tasa. Haya, vigawo vyake ni vipi? Hana. Njia yake ilithibitisha kwamba vipo bila kumwonyesha hata kimoja. Hesabu ilikuwa sahihi, sibishi, lakini huyo ndiye babu mzaa babu wa yule dada wa dirishani.

Miaka 27 ikapita hivyo. Oktoba 1903, jijini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kwamba hakufungua mdomo. Upande mmoja wa ubao alizidisha zile mbili 67, akatoa 1. Upande wa pili akazidisha kwa mkono 193,707,721 na 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

Na msidhani alikuwa akibahatisha. Kila kigawo tasa cha namba ile, ukikigawa kwa 134, lazima kibakize 1, kwa hiyo namba chungu nzima zinatupwa bila hata kuguswa. Lakini zipange zinazobaki kwa foleni, uone: kile kigawo kidogo kimesimama nafasi ya 1,445,580. Nami huwa nalalamikia foleni ya watu arobaini.

Sasa niambieni, namba za aina hii hadi leo zinaitwa kwa jina la nani? Si la Cole aliyepoteza Jumapili zake. Ni la Mersenne, ambaye orodha yake iliingiza mbili zisizo tasa na kuziruka tatu zilizo tasa! Basi wanangu, mkitaka kukumbukwa, koseeni kwa kujiamini, kusahihisha waachieni wasio na shughuli Jumapili.