Matoazi ya Shemeji

Shemeji yangu ana ugonjwa usio na kliniki: hasikilizi wimbo kabla hajauliza una kilobiti ngapi. Akiwakuta vijana kijiweni wanajiburudisha na spika ya blutuuthi, husimama kidogo, akawaonea huruma. "Masikini," hunong'ona, "wanalishwa makapi."

Sasa amehamishia matibabu sebuleni kwangu. Kaleta amplifaya ya mtumba, spika tano za kuzunguka kochi, sabufa nzito ya kubebwa na watu wawili, deki ya Blu-ray, na waya mwembamba wa optiki, ule unaotoa mwanga mwekundu nchani. Mke wangu aliuliza sabufa itakaa wapi. Ikakaa pembeni ya kabati la vyombo, kwani kwingine kote kulishakaliwa na spika.

Kabla ya kuwasha, somo. CD, tangu ilipoingia sokoni 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, kushoto na kulia, na hiyo ni kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 inabakiza takriban moja ya kumi na moja. Wataalamu wa Kijerumani wa Fraunhofer walioshiriki kuibuni waliona kwamba sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, basi wakaamua kile ambacho sikio halitakisikia kitupwe.

"Nani kawapa ruhusa ya kunichagulia cha kusikia?" shemeji alifoka, kana kwamba mimi ndiye Mjerumani mwenyewe.

FLAC, iliyotoka 2001, yeye huieleza kwa godoro. Unalifunga kamba lipite mlangoni. Ukifika chumbani unafungua, linarudi lilivyokuwa. MP3 ni kuchomoa sponji. Kulipitisha utalipitisha, lakini sponji ndiyo basi tena.

Na hapo, kusema kweli, ana hoja. Ukienda Kariakoo ukajaziwa nyimbo kwenye flashi, humo mna taarabu iliyonyofolewa kwenye video, ikageuzwa MP3, ikatumwa simu kwa simu, mwishowe mjanja mmoja akaipandisha hadi 320 ili ionekane nono. Namba imepanda, kilichokwishatupwa hakikurudi. Qanuni imefifia, makofi ya ukumbini yanachuruzika badala ya kupigwa. Hilo hata mimi nalisikia, nami sikio langu la kushoto lina matatizo yake.

Basi, filamu ikaanza. Mabati yakatetema, mjusi akahama ukuta. Shemeji akafumba macho, kidole juu.

"Unasikia? Chini ya mlipuko, matoazi madogo. Tsii, tsii. Hapo ndipo MP3 inapokata!"

Nikasikia, tena vizuri tu. Kila bomu lilipolia, tsii, tsii. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akafungua kioo cha kabati, akatenganisha visahani viwili vya kauri vilivyokuwa vinagusana, akafunga, akarudi zake kwenye mboga. Bomu lililofuata halikuwa na matoazi.

Shemeji akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza jioni ile akatazama kioo cha amplifaya, akasoma: Dolby Digital. Siyo Dolby TrueHD, isiyopoteza kitu, aliyokuwa akinihubiria. Ni ile iliyobanwa kwa kutupa, ambayo haizidi kilobiti 640. Waya wa optiki hauna uwezo wa kubeba TrueHD, kwa hiyo deki inatoa sauti ile ndogo iliyomo humohumo kwenye diski. Inatakiwa HDMI. Mimi maandishi yale nilikuwa nimeyaona tangu filamu inaanza, ila mtu akishafumba macho kwa raha, tena akiwa kaka wa mkeo, utamkatizaje?

Siku ya pili akaja na waya wa HDMI ungali kwenye nailoni yake. Akachomeka, akaketi, kioo kikaandika TrueHD. Tulipeana mikono. Tukairudia sehemu ileile ya mabomu. Mimi, Mungu anisamehe, niliona ni mabomu yaleyale ya jana. Feni inazunguka, jirani anatwanga, mtoto anadai hela ya ubuyu. Sijui katika hali hiyo ni malaika gani angezitofautisha kilobiti 640 na maelfu.

"Tulia usikilize," shemeji alisema, macho yameshafumbwa. "Ule mlio mwembamba, wa juu kabisa. Pii... pii... Umeupata? Jana haukuwepo."

Nilikuwa nimeupata. Ulikuwa unatokea juu ya mlango.

"Kaka," mke wangu aliita kutoka jikoni, "hiyo ni LUKU. Umeme unaisha, na leo unanunua wewe."