Kabla Kicheche Hajaja Kukagua

Ukitaka kufuga kuku wanne uani, usianze na mbao. Anza na kicheche. Ndiye mkaguzi wa majengo ya aina hii: hagongi mlango, haulizi kibali, na huja saa nane usiku wewe ukiwa katika usingizi wa pono. Kila unapopiga msumari jiulize, hapa atapita?

Wavu ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbwa mwenye njaa anauchana, na nguchiro anachimba tu chini yake. Nunua wavu mgumu wa kuchomelea, wenye matundu ya nusu inchi. Bei inauma, najua, ila kuwakuta mitetea wote wamelala shingo zimetafunwa kunauma zaidi. Uzike sentimita 30 ardhini kuzunguka kiwanja chote cha kuchezea, na juu nako ufunike. Juu kuna mwewe, na kwetu Dar es Salaam kuna kunguru wenye shingo ya kijivu, wageni walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na hawajafikiria kuondoka. Yai au kifaranga wanakwapua mchana kweupe.

Kwenye mlango weka komeo la chuma, siyo waya wa kusokota. Wiki moja kabla ya Idi au Krismasi ongeza kufuli, maana wapo wakaguzi wa miguu miwili.

Sasa nyumba yenyewe. Kuku hatoki jasho. Akizidiwa na joto hupanua mdomo, akaachanisha mabawa na kuhema. Kwa hiyo ukimjengea sanduku la bati umemjengea jiko. Ukuta wa mabanzi uishie magotini, kuanzia hapo ni wavu hadi juu, na upande mrefu ulale mashariki–magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani moja kwa moja. Paa litokeze vya kutosha kwa ajili ya masika. Mlango uwe wa kupita mtu mzima na fagio lake. Banda la kuingilia kwa kutambaa halifagiliwi, hata uape vipi.

Kuku hulala juu. Mpe mti wa mviringo wenye unene wa mpini wa jembe, sentimita 20 kwa kila mmoja, na miti yote iwe kimo kimoja. Ukiipanga ngazi, kila magharibi patakuwa na ugomvi wa nani akae kileleni, na mkubwa wao atawadonoa wenzake mpaka wote washuke.

Viota viwe chini kuliko miti hiyo, la sivyo watalala humo na kuvichafua. Kisanduku cha sentimita 30 kila upande, chenye giza kidogo na nyasi kavu, kinawatosha wote wanne. Tengeneza viwili ukipenda, bado watapanga foleni kwenye kimoja. Ninapenda sana kuwatazama: mmoja yuko ndani anahamisha unyasi mmoja kutoka kulia kwenda kushoto, mwenzake yuko mlangoni anapiga kelele kama abiria aliyeachwa na daladala, na kiota cha pili kiko wazi.

Sakafuni mwaga maranda, kisha uwaachie kona kavu yenye udongo laini na majivu waoge vumbi. Ndivyo wanavyopambana na utitiri.

Banda lote hili halizuii ugonjwa wa mdondo. Chanjo ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi 3, na kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako wanne, tena kikishafunguliwa hakikai. Ongea na majirani mchange, mpange siku, kuku wa mtaa mzima wachanjwe pamoja.