Sifa za Kiporo

Wali uliolala, ukipashwa asubuhi na kushushiwa chai ya rangi, hauhitaji mtetezi. Kiporo kinachoonewa ni kile kisicholiwa: mechi ya ligi iliyopaswa kuchezwa Machi, ikalazwa, ikaja kupashwa Juni. Mashabiki wa soka Tanzania wamekitukana kwa miaka mingi, wakakiita mvurugaji wa ratiba na mchafuzi wa msimamo. Umefika wakati kitendewe haki.

Ni nani mwingine aliyewahi kuwafundisha Watanzania hesabu kwa mafanikio kama kiporo? Anayepita kwenye kijiwe chochote cha kahawa Mei inapoanza atamkuta mtu aliyeachana na hesabu darasa la saba, bila majonzi kwa upande wowote, akikokotoa bila kalamu: pointi za hawa, viporo vya wale, mabao ya kufunga, ya kufungwa, na nani akisuluhu wapi nini kitatokea. Na hizo ni hesabu nyepesi. Ugumu wenyewe ni pointi za kiporo, kwa sababu zipo na hazipo. Shabiki wa timu yenye viporo vinne huzihesabu pointi 12 kama fedha iliyokwisha kuingia kwenye simu. Mpinzani wake huzihesabu sifuri. Wote wawili wako sahihi mpaka siku ya mechi, na siku ya mechi haijulikani.

Msimu wa 2018/19 ulikuwa chuo kizima. Ligi ilikuwa na timu 20, kila moja mechi 38, na Simba walikuwa wakizunguka Afrika hadi robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kwa majuma mengi nchi ikawa na misimamo miwili: uliochapishwa magazetini, Yanga wakiwa kileleni, na uliohifadhiwa vichwani mwa watu wa Msimbazi, yaani wa Simba. TP Mazembe walipowatoa Aprili 2019, Simba walirudi nyumbani wakakaa mbele ya sufuria, wakala viporo mfululizo, na msimamo wa vichwani ndio uliotimia. Baraza la Mitihani likiwa na busara litaweka swali kwenye karatasi ya kidato cha nne: Timu A ina pointi 60 kwa mechi 25. Timu B ina pointi 51 kwa mechi 21. Ratiba ya Timu B itatangazwa baadaye. Tafuta bingwa. Jibu sahihi ni hili: subiri taarifa kwa umma.

Sifa nyingine zitajwe kwa haraka. Kiporo humpa muuza kahawa wateja hata siku isiyo na mpira. Huwapa watangazaji wa vipindi vya michezo cha kusema asubuhi nzima. Tena, kama vijana wanavyosema juu ya wapenzi walioachana wakarudiana, hakihitaji moto mkali.

Hilo la moto lilithibitika Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia Dabi ya Kariakoo, mechi ya Simba na Yanga, Simba walisema wamezuiwa kuingia Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, na wakatangaza kuwa hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku hiyohiyo, watu kutoka mikoani wakiwa wameshashuka kwenye mabasi na jezi zao. Yanga wakaapa kwamba kama haikuchezwa siku hiyo, haichezwi tena. Wakapeleka malalamiko yao hadi mahakama ya michezo, CAS, kule Uswisi, yasifue dafu. Kiporo kikapangiwa Juni 15. Kisha kikasogezwa hadi Juni 25, yaani hata kiporo kikaweka kiporo.

Na hapa mkosoaji mwenye haki lazima avue kofia. Kwa miaka mashabiki wamebishana juu ya muundo wa ligi. Wapo wanaotaka timu nyingi, wapo wanaotaka chache, na bodi yenyewe imejaribu: 20 msimu wa 2019/20, 18 uliofuata, 16 kuanzia 2021/22. Wapo wanaoota mtoano wa ubingwa, mechi moja ya kumaliza ubishi. Hakuna kamati iliyowahi kuibuni mechi hiyo. Kiporo kiliibuni chenyewe. Timu nyingine zote zilikuwa zimemaliza ligi, Yanga wana pointi 79, Simba 78, na mechi iliyobaki ni ya wao kwa wao. Yanga wakashinda 2-0, wakatwaa ubingwa wa nne mfululizo. Fainali ya kweli, iliyopikwa kwa bahati mbaya na kusifiwa kama mpango.

Kwa wapenda tarehe, Juni 25 ina historia yake. Siku kama hiyo mwaka 1982, kwenye Kombe la Dunia, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua matokeo yatakayowafaa wote, kwa sababu Algeria walikuwa wameshacheza jana yake. Wajerumani wakafunga mapema, kisha timu zote mbili zikatembeza mpira hadi filimbi ya mwisho, na Algeria wakaaga mashindano. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Dunia ilijifunza kwa mechi moja. Huku bado mafunzo yanaendelea.

Yanaendelea, kwa kuwa Machi 2025 haikuwa mara ya kwanza. Mei 8, 2021 dabi ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, siku yenyewe ya mechi. Yanga wakaja saa 11, wakapasha misuli, wakaondoka. Simba wakangoja saa 1. Mechi ikachezwa Julai 3. Mwandishi wa makala haya huandika msimamo kwenye daftari la mistari, na huweka nyota pembeni ya kila timu yenye kiporo. Ukurasa wa Mei 2021 na ule wa Machi 2025 ukitazamwa kwa pamoja, nyota zinawaangukia walewale. Pointi zilizokatwa katika mara zote mbili: hakuna hata moja.

Na si kwamba soka la Tanzania halina meno. Februari 2016, katika mechi za mwisho za Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wakigombea nafasi moja ya kupanda kwa tofauti ya mabao. Geita wakawafunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora wakawafunga JKT Oljoro 7-0. TFF ikachunguza, ikazishusha timu zote nne, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Adhabu ilistahili, na ilikuja ndani ya miezi michache, bila kikao cha kutafuta siku itakayowafaa wahusika. Basi meno yapo! Yanachotafuna ni Kanembwa na Oljoro. Mbele ya Kariakoo yanageuka meno ya maziwa, na kinachotoka mdomoni ni taarifa nyingine yenye nembo, mhuri na tarehe mpya.

Hata CAF, ambayo haisifiwi kwa uungwana, haina jiko la kupashia. Oktoba 2021 Biashara United ya Mara, iliyokuwa imeifunga Al Ahli Tripoli 2-0 nyumbani, ilishindwa kufika Libya kwa mechi ya marudiano. Haikupangiwa Juni. Iliondolewa kwenye mashindano.

Walioshuka msimu wa 2024/25 walikuwa Kagera Sugar na KenGold. Juni 22, siku ya mwisho kwa kila mtu asiye Simba wala Yanga, Kagera walifungwa 1-0 na Simba, wakafunga mabegi kurudi Kaitaba kujiandaa kwa Championship. Mtibwa Sugar, mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, walikuwa wakipita njia hiyohiyo kuelekea juu pamoja na Mbeya City. Mashabiki wao, wa viwanja vya Manungu na Sokoine, walikuwa wamepiga hesabu zao msimu mzima, mechi kwa mechi, wakajua kwa uhakika kwamba timu yao imepanda. Wakaingia Ligi Kuu, na kama kila mtu huko, wakangoja kuambiwa wanacheza na Simba lini.